Ukuta wa Lugha Mbili

Ofisi ya Wilaya ya Ukuzaji wa Lugha Mbili, Mbangessi, ilitangaza kwa furaha isiyo na kifani kwamba kuanzia Jumatatu ya pili ya Januari watoto wote wa mji huo wangezungumza Kifaransa na Kiingereza kwa ufasaha ulio sawa, na kwamba ili jambo hilo jema lifanikiwe, wangetenganishwa kwa ukuta.

Tangazo lilibandikwa mlangoni pa ofisi, kwenye zahanati, na kwenye lango la soko la ndizi. Lilikuwa kwa Kifaransa. Nusu ya chini ya karatasi iliachwa wazi kwa ajili ya Kiingereza, kwa sababu cheo cha mfasiri kilikuwa hakina mtu kwa mwaka wa sita sasa, na Mratibu wa Wilaya, Mheshimiwa Hyacinthe Bilounga, hakuwa mtu wa kuvamia kazi ya mtumishi mwenzake, hata kama mtumishi huyo pengine alikuwa bado hajazaliwa.

Hyacinthe mwenyewe hakujua Kiingereza. Hili halikuwa siri, wala halikumkosesha usingizi. "Mkuu wa magereza halazimiki kuwa mfungwa," aliwaambia waliouliza, na wengi waliondoka wakiwa wameridhika au wamechoka. Alichokijua ni faida zake. Alikuwa ameandika kijitabu kizima, Faida Arobaini na Moja za Kumsomesha Mtoto kwa Kifaransa na Kiingereza, chenye picha yake kwenye jalada na tena mwishoni. Faida ya kwanza: elimu ya lugha mbili hupanua akili. Faida ya pili: akili iliyopanuka hupata nafasi ya kuingiza faida zinazofuata. Faida ya kumi na nne: anayejua lugha mbili huweza kusubiri katika ofisi mbili. Kuanzia ya thelathini na kuendelea faida zilirudiwa kwa herufi nzito, ili ziwaingie wazazi wagumu.

Na ilibidi ziingie. Mwezi wa pili ungekuja Ujumbe wa Ukaguzi kutoka Yaoundé, mji mkuu, kuamua kama Mbangessi ilistahili kuitwa Mji wa Mfano. Ikistahili, Hyacinthe angepanda hadi ghorofa ya sita ya wizara, kwenye kiti cha mkurugenzi kilichokuwa kikimsubiri kichwani mwake kwa miaka kumi na miwili. Isipostahili, angehamishiwa mashariki kuhesabu magogo, na mkewe alikuwa ameshamwambia waziwazi kwamba huko ataenda peke yake na sufuria moja.

Sasa, shule yenyewe. Shule ya Msingi ya Lugha Mbili ya Mbangessi ilikuwa shule mbili zilizowekwa ndani ya uzio mmoja. Upande wa kushoto watoto walisoma kila kitu kwa Kifaransa chini ya Madamu Ngo Bayiha. Upande wa kulia walisoma kila kitu kwa Kiingereza chini ya Mwalimu Ekwelle. Wakuu hao wawili walikuwa hawajasalimiana kwa miaka minne kwa sababu ya kengele, kila mmoja akidai ya kwake ndiyo ya shule. Kwa kuwa hakuna aliyekubali kupiga ya pili, zote mbili zililia saa nne kamili, na watoto mia sita walitoka kwa mapumziko kwa pamoja kwenye uwanja mmoja. Hapo ndipo uovu ulipopenyea.

Hyacinthe aliugundua mwezi wa kumi na moja, Jumanne moja alipokwenda kuhesabu madawati. Njaa ikambana. Akaelekea langoni, ambako Mama Sabina, mwanamke mnene mwenye sauti ya taratibu, aliuza maandazi, maharage na uji chini ya kibanda cha bati. Foleni ilikuwa ndefu. Mbele kabisa alisimama binti yake mwenyewe, Anicette, wa miaka tisa, darasa la nne upande wa Kifaransa, ameshikana mkono na mtoto wa upande wa pili aliyeitwa Mispa. Anicette akafungua mdomo, kikatoka Kiingereza. Si neno moja la kuokoteza. Kilikuwa Kiingereza chenye mwanzo, katikati na malalamiko.

Mama Sabina akamjazia maharage hadi yakafurika. Mispa naye akaagiza kwa Kifaransa, akateleza mahali fulani, akapewa maandazi makavu.

"Ma, si nimekosea kidogo tu."

"Na maharage yamekosekana kidogo tu. Kaa pembeni, muulize mwenzio, urudi."

Hyacinthe aliipita foleni nzima, kwa kuwa cheo chake kilimruhusu. "Mama, hapa kunaendelea nini?"

"Watoto wanakula, Mheshimiwa."

"Nauliza habari ya lugha."

"Ah, hiyo. Wa Kifaransa ananiagiza kwa Kiingereza, wa Kiingereza ananiagiza kwa Kifaransa. Akikosea, hapati maharage. Nilianza siku nyingi, walikuwa wanatukanana hapa foleni mpaka uji unaganda. Nikawaambia, sawa, tukananeni, lakini kila mtu kwa lugha ya mwenzake. Ikabidi waanze kuulizana maneno. Sasa wamekuwa marafiki, wananimalizia sukari."

"Una kibali?"

"Cha maandazi ninacho."

"Cha kufundisha."

"Mimi sifundishi, baba. Nauza."

"Mtaala wako ni upi?"

Mama Sabina alifunua sufuria, akachungulia. "Leo ni maharage mekundu."

Hyacinthe alirudi ofisini bila kula. Mtu asiye mzoefu wa utumishi angeweza kudhani hizo zilikuwa habari njema. Lakini hebu tufikiri kama wataalamu. Ikiwa watoto mia sita tayari wanajua lugha mbili, Ofisi ya Ukuzaji itakuza nini? Ujumbe ukifika utakuta matokeo yasiyo na mkakati, ufasaha usio na takwimu, mafanikio ambayo hakuna mtu aliyeyasaini. Na yote kwa sababu ya maharage. Hapo alijiona kabisa yuko mashariki, kati ya magogo, na sufuria yake moja. Akafunga mlango, akafanya kazi siku tatu, akatoka na Waraka.

Waraka ulitofautisha, kwa mara ya kwanza katika historia ya wilaya, kati ya lugha mbili rasmi na lugha mbili holela. Kifungu cha nne kilisema kwamba lugha ya pili itatumika siku ya Alhamisi, saa tano kamili hadi saa tano na dakika arobaini na tano, darasani, mbele ya mwalimu mwenye kibali, kwa kufuata kijitabu. Matumizi nje ya muda huo yalikuwa uholela, na adhabu yake ni kufyeka majani ya uwanja. Kifungu cha tisa, ambacho Hyacinthe alikipenda kuliko vyote, kilisema kwamba ruhusa yoyote ya kukiuka kifungu cha nne itolewe kwa maandishi katika lugha zote mbili, igongwe muhuri, na isomwe hadharani na mtoaji mwenyewe. Alikiandika ili kuzuia rushwa. Na ili watoto wasipate vishawishi, uwanja ungegawanywa kwa Ukuta wa Maelewano, urefu wa mita mbili.

Ukuta ulijengwa wakati wa sikukuu. Mama Sabina aliamriwa kuvuka barabara na asiwauzie wanafunzi saa za masomo. Madamu Ngo Bayiha na Mwalimu Ekwelle waliupokea mpango huo kwa mikono miwili. Walikubaliana kwa mara ya kwanza katika miaka minne, kila mmoja akiwa upande wake.

Na Waraka ulifanya kazi. Wiki ya kwanza majani yalifyekwa sana. Wiki ya pili yalikuwa yamekwisha, ikabidi wakosaji wapelekwe kufyeka ya zahanati. Wiki ya tatu hakuna aliyekosea tena. Mapumziko yakawa kimya kama chumba cha mtihani, watoto wakila vipande vyao vya mihogo wakiwa wameegemea ukuta, huku na huku. Hyacinthe aliandika kwenye ripoti: utulivu umeimarika.

Nyumbani pia uliimarika. Anicette, aliyekuwa na tabia ya kusimulia siku yake yote kabla hajavua viatu, sasa alikula ndole yake, mboga chungu ya karanga, akitazama sahani.

"Baba," alisema Jumatatu moja, "Mispa anaumwa. Namsikia anakohoa nyuma ya ukuta."

"Mpe pole."

"Kwa lugha gani?"

"Ya kwake, kwa adabu."

"Leo siku gani?"

Hyacinthe alifikiri kama mtunga sheria. "Basi mpe Alhamisi."

"Alhamisi saa tano tunasoma ukurasa wa faida ya sita. Hakuna pole humo."

Baada ya hapo hakumwambia kitu tena, isipokuwa ndiyo, Baba, na hapana, Baba. Ilimuuma. Alimpenda mtoto huyo kuliko hata ghorofa ya sita, ingawa swali hilo lilikuwa halijawahi kuletwa mezani kwake rasmi. Alijipa moyo kwamba akipandishwa cheo, wote watahamia Yaoundé, na huko atamnunulia rafiki mwingine mzuri zaidi.

Ujumbe ulikuwa uje Alhamisi. Zikabaki siku mbili, barua ikafika kwamba kwa sababu za kiitifaki utakuja Jumatano. Hyacinthe alikimbia huku na huko akibadilisha mambo yote muhimu: tarehe kwenye kitambaa cha makaribisho, siku ya bendi, siku ya kuchinja mbuzi. Mpangilio wa viti vya wageni kwa vyeo vyao aliubadilisha mara nne. Kifungu cha nne hakuna aliyekigusa, maana hakikuwa na bendi wala mbuzi.

Jukwaa lilisimamishwa mwisho wa ukuta, mahali ambapo mgeni angeona pande zote mbili kwa mkupuo mmoja. Kushoto watoto mia tatu wamepangwa mistari. Kulia mia tatu wengine. Gari la Ujumbe lilifika likiwa limechelewa kwa saa mbili tu, na akashuka Mkaguzi Mkuu, Daktari Philomena Azeh, mama mfupi wa viatu visivyo na visigino, ambaye lugha zote mbili zilimtoka bila kujikwaa. Hyacinthe alimkaribisha kwa Kifaransa kwa dakika arobaini. Alimalizia na faida ya arobaini na moja, akaketi, akajifuta jasho.

"Asante sana," alisema Mkaguzi Mkuu kwa Kifaransa. "Sasa naomba nizungumze na watoto."

Alishuka upande wa kushoto, akawauliza watoto wa Kifaransa swali dogo kwa Kiingereza, kitu kama wamekula nini asubuhi. Watoto mia tatu walimtazama kwa adabu. Akauliza jingine. Wakazidisha adabu. Akazunguka ukuta, akawauliza wa Kiingereza kwa Kifaransa. Kimya. Mtoto mmoja aliinua mkono, wote wakapumua, kumbe anaomba kwenda chooni, na aliomba kwa lugha ya upande wake.

Mkaguzi Mkuu alifungua daftari lake. Hyacinthe aliiona kalamu ikishuka kwenye karatasi, akahisi magogo yakianza kumdondokea. Akateremka jukwaani hadi mstari wa darasa la nne.

"Anicette, mwanangu. Mjibu mama Kiingereza."

"Leo ni Jumatano, Baba."

"Najua ni Jumatano. Sema chochote. Sema kama ulivyosema siku ile kwenye maandazi."

"Siku ile sikujua kwamba ni uholela. Nimefyeka zahanati mara mbili, Baba. Mkono una malengelenge."

Hyacinthe hakuwa ameambiwa hilo. Aliutazama mkono wa mtoto. "Basi leo nakuruhusu. Nawaruhusu wote."

Madamu Ngo Bayiha alikohoa, akatoa Waraka mkobani. Alikuwa mwanamke wa sheria na alikuwa amefyekesha watoto mia mbili kwa ajili yake. "Kifungu cha tisa, Mheshimiwa Mratibu. Maandishi. Lugha zote mbili. Muhuri. Na isomwe."

Kifaransa alikiandika kwa dakika moja juu ya goti: watoto wanaruhusiwa kusema. Nusu ya chini ikabaki nyeupe. Akamwita Mwalimu Ekwelle pembeni.

"Mwalimu, nisaidie mistari miwili tu."

"Ningependa sana, Mheshimiwa. Lakini mimi ni mwalimu mkuu. Nikiandika hapo, si nitakuwa nimekalia cheo cha mfasiri? Na kengele yangu nayo bado haijatambuliwa kwa maandishi."

Basi Mratibu wa Wilaya, katika suti yake ya mikono mifupi, alivuka barabara mbio mbele ya bendi, mbuzi na Ujumbe. Mama Sabina alikuwa kibandani peke yake, maandazi yamepoa.

"Mama, tafadhali. Andika hapa chini kwa Kiingereza."

"Kibali sina, Mheshimiwa."

"Mama, usinifanyie hivyo. Kazi yangu inaondoka sasa hivi, naiona kwa macho."

Mama Sabina alifunika maandazi yake. Alikuwa amesoma shule za Kiingereza hadi kidato cha tano kabla ya kuolewa upande wa Kifaransa, na katika miaka yote hiyo hakuna ofisi iliyowahi kumwomba aandike kitu. Akajifuta mikono kwenye kaba lake, gauni pana la maua. "Unataka niseme nini hasa?"

"Kwamba watoto wanaruhusiwa."

"Hilo tu?"

"Na weka heshima kidogo. Kuna wageni."

Aliandika bila haraka. Kifaransa kilikuwa mstari mmoja. Kiingereza kiliijaza nusu ya chini, kikageuka nyuma ya karatasi.

"Mbona kirefu hivi?"

"Nimeweka heshima. Nikusomee?"

"Hakuna muda," alisema Hyacinthe. Ukweli ni kwamba hakuwa amesoma alichosaini tangu alipopata dereva. Kusoma kabla ya kusaini ni tabia ya watumishi wa chini. Akasaini pande zote, akagonga muhuri aliokuwa nao mfukoni daima, akarudi mbio, akapanda jukwaani.

Alisoma mstari wa Kifaransa, na upande wa kulia, wa Kiingereza, ukawa wa kwanza kushangilia ruhusa. Kisha akakohoa, akakishika Kiingereza kwa mikono miwili na kukitamka silabi kwa silabi, kwa sauti kubwa ya mtu anayekabidhi bendera. Kwa faida ya wasomaji ambao leo si Alhamisi kwao, maandishi yalisema hivi:

Mimi, Hyacinthe Bilounga, nikiwa na akili zangu zote, hata kama ni chache, natamka mbele ya umma kwamba ukuta huu ni wangu na upumbavu wake ni wangu. Kuanzia sasa watoto waseme lugha yoyote, siku yoyote, hata wakigombana. Waliofyeka majani kwa ajili yangu nawaomba radhi. Ukuta ubomolewe leo hii, na tofali la kwanza nitalitoa mimi, nikiwa na suti. Na kwa kuwa hapa uwanjani mimi peke yangu ndiye sijui ninachokisoma, sitafungua mdomo tena hadi Alhamisi saa tano, nikiwa darasa la kwanza, upande wa Kiingereza, dawati la mbele.

Kwenye neno upumbavu, kicheko cha kwanza kilitoka upande wa kulia. Kwenye radhi, kilitoka kushoto. Hyacinthe alidhani ni shangwe, akapandisha sauti. Alipofika kwenye suti, kicheko kililipuka pande zote mbili kwa mkupuo mmoja, watoto mia sita, wakiinama, wakishikana mabega, wengine wakiketi chini kabisa kwenye vumbi. Aliona hata Anicette anacheka, machozi yanamtoka, na kwa kuwa hakuwa amemwona akicheka tangu Januari, furaha ikamjaa kifuani, akairudia sentensi ile ya suti mara ya pili kwa ajili yake.

Alipomaliza, Mkaguzi Mkuu alikuwa akiandika kwa kasi, midomo ameibana.

"Mheshimiwa Mratibu," alisema kwa Kifaransa, "nimekagua shule miaka kumi na tisa. Sijawahi kuona mtihani ulionyooka kama huu. Hakuna aliyekariri, hakuna aliyeibia. Wa Kiingereza wameshangilia Kifaransa, wa Kifaransa wamecheka Kiingereza palepale panapochekesha. Mji huu unajua lugha mbili. Naupa hadhi ya Mji wa Mfano."

Hyacinthe alishika ukingo wa jukwaa. Ghorofa ya sita ilimpita mbele ya macho, na kiti chake, na kiyoyozi.

"Mwanafunzi mmoja tu ndiye amefeli," aliendelea Mkaguzi Mkuu.

"Nani huyo, Mheshimiwa? Tutamchukulia hatua kali."

"Hatua zimeshachukuliwa. Hati imesainiwa, ina muhuri, imesomwa hadharani na mtoaji, kwa mujibu wa kifungu cha tisa. Ni halali kabisa. Ujumbe utabaki hapa hadi itekelezwe yote, pamoja na kesho."

Wakuu wawili wa shule walipiga makofi, kwa kuwa walielewa kila mmoja nusu yake. Bendi ikaanza. Anicette akapanda jukwaani, akamshika baba yake mkono, akamshusha taratibu hadi kwenye ukuta, na nyuma ya ukuta tayari sauti ya Mispa ilikuwa ikiita kwa Kifaransa, ikikosea, ikiita tena. Mtu akampa Hyacinthe nyundo. Aliitazama, akaitazama suti yake, akamgeukia binti yake.

"Mwanangu," alisema, "kwani nimesoma nini?"

Anicette alimwekea kidole chenye malengelenge juu ya midomo.

"Kesho, Baba," alisema. "Saa tano."